Sura ya Tano: Miaka ya Umkweche

Jioni ya tarehe 12 Februari 1957 moto uliwaka katika kiwanda cha Jaguar cha Browns Lane, mjini Coventry. Miongoni mwa vilivyoteketea ni magari tisa ya aina ya XKSS yaliyokuwa katika hatua mbalimbali za utengenezaji. XKSS lilikuwa D-Type, gari la mashindano lililoshinda Le Mans mwaka 1955 na 1956, likarekebishwa ili liweze kutembea barabarani: likatobolewa mlango wa abiria, likaondolewa lile pezi la nyuma ya kichwa cha dereva, likawekewa kioo kipana cha mbele, turubai na vibampa vyembamba. Jaguar ilikuwa imejitoa mashindanoni na kubaki na D-Type ambazo hazikupata wanunuzi. Marekani kulikuwa na watu wenye fedha na hamu ya mwendo. Mpango ulikuwa kutengeneza 25. Yaliyokamilika na kuuzwa ni 16, na moja likaangukia mikononi mwa mwigizaji Steve McQueen.

Kisha, mwaka 2016, Jaguar ikatangaza kwamba itatengeneza yale tisa. Haikusema nakala, ilisema inamalizia kazi iliyokatizwa na moto miaka 59 nyuma. Magari halisi yalipimwa upya, bodi za aloi ya magnesiamu zikagongwa kwa mkono, namba za chesisi zikatolewa katika daftari la zamani la kiwanda, na bei ikapita pauni milioni moja kwa gari. La kwanza lilionyeshwa Los Angeles, katika jumba la makumbusho la Petersen, ambako gari la McQueen mwenyewe limehifadhiwa.

Sasa nikuulize: XKSS yapo mangapi duniani? Mwenye moja kati ya yale 16 atakujibu haraka, na pengine kwa hasira. Mimi nina sababu nyingine ya kuanza na magari haya, nayo ni kwamba yanapotosha. Yanatufanya tuamini kwamba gari hudumu kwa kuwa ni adimu, na hilo ni kweli kwa machache tu. Jaguar ilitengeneza E-Type 12 za bodi ya aluminiamu kwa ajili ya mashindano, mwaka 1963 na 1964, na karibu zote zipo hadi leo, ingawa kazi yake ilikuwa kukimbizwa na kugongwa. Gari la aina hiyo halikosi mtu wa kuliokota. Hata likipinda kama karatasi, litanyooshwa, kwa sababu fedha ya kulinyoosha itarudi. Ukitaka kujua jinsi magari ya spoti ya Uingereza yalivyonusurika, achana na hayo 12, tazama yale yaliyotengenezwa kwa maelfu na kuuzwa kwa makarani, marubani na vijana waliotoka jeshini.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imeshinda na kufilisika kwa wakati mmoja. Serikali ya Waziri Mkuu Attlee iligawa chuma kwa kibali, na kiwanda kilichouza nje ndicho kilichopewa. Kwa hiyo viwanda vidogo, ambavyo kabla ya vita viliuza kwa Waingereza wenyewe, vilijikuta vikitafuta wateja ng'ambo kwa kufa na kupona. MG ya Abingdon, karibu na Oxford, ilitoa TC, gari lenye umbo la miaka ya thelathini, fremu ya bodi ya mbao, spoku ndefu na usukani upande wa kulia tu. Yalitengenezwa takriban 10,000 kati ya 1945 na 1949. Karibu 2,000 yalikwenda Marekani, ambako dereva alikaa upande usio wake na hakujali. Lililofuata kwa umaarufu, MGA, lilitengenezwa kwa idadi inayopita kidogo 100,000 kati ya 1955 na 1962, na yaliyouzwa nyumbani hayakufika 6,000. Soma tena hesabu hiyo: gari la Kiingereza kabisa, ambalo Waingereza wengi waliliona kwenye picha.

Hapo ndipo riziki ya kila gari ilipoamuliwa. Lililoshushwa bandarini na kupelekwa California au Arizona lilikutana na jua. Jua hula raba, hupasua ngozi za siti, hukausha mbao na kuchubua rangi, lakini chuma hukiacha. Lililobaki Uingereza, au lililokwenda majimbo ya baridi ya kaskazini-mashariki ya Marekani, lilikutana na chumvi. Kule barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurushwa na matairi hadi kila pembe ya uvungu wa gari. Mtu wa Mombasa au Tanga hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua upepo wa bahari unavyolifanya bati. Ndiyo maana tangu miaka ya themanini makontena yalianza kurudi Uingereza kutoka majangwa ya Marekani, yamebeba magari yaliyofifia rangi lakini yasiyo na tundu. Waingereza wakawa wananunua mtumba wa mali waliyoiuza wenyewe, kisha wanauhamishia usukani kulia.

Nairobi nako kuna hewa kavu ya nyanda za juu. Maonyesho ya magari ya kale yanayofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong yalianza mwaka 1970, na MG na Jaguar zilizoachwa na enzi ya ukoloni hupata nafasi yake pale, majaji wakiinama kuchungulia hadi uvungu. Ni magari ambayo leo yangepata tabu kuingia nchini, kwani Kenya hairuhusu gari la mtumba lililopita miaka minane, na Tanzania hulitoza ushuru wa uchakavu.

Huo uchakavu ndio kiini cha sura hii. Gari jipya lina mlinzi, na mlinzi wake ni bei: mtu aliyelipa fedha nyingi juzi haliachi nje mvuani. Gari la kale lina mlinzi yuleyule. Hatari iko katikati, katika ile miaka ishirini au thelathini ambayo gari si jipya wala si la kale. Ni mkweche tu. Fundi anakutajia bei ya matengenezo inayozidi bei ya gari lenyewe, jirani anakucheka, mkeo anauliza lile dude litaondoka lini uani. Magari mengi hufia katika miaka hiyo. Uingereza iliharakisha kifo hicho mwaka 1960 ilipoanzisha ukaguzi wa lazima wa magari yaliyozeeka. Lililoshindwa breki au usukani halikutengenezwa, lilipelekwa kwa wauza chuma chakavu. Yaliyovuka bonde la miaka hiyo yalivuka kwa sababu mtu fulani aliyapenda wakati ambapo kuyapenda kulionekana upungufu wa akili.

Mfano mzuri ni Bentley za W. O. Bentley, zilizotengenezwa Cricklewood, kaskazini mwa London, mpaka kampuni ilipoanguka mwaka 1931 na kununuliwa na Rolls-Royce. Zilitoka kama 3,000 kwa jumla. Kampuni iliuza chesisi na injini peke yake, pamoja na dhamana ya miaka mitano, na mnunuzi akaenda kwa mafundi wa bodi kuchagua nguo za gari lake. Chesisi ilikuwa ngazi ya chuma nene ambayo kutu ingehitaji karne kuimaliza. Mwaka 1934 kikundi cha vijana, wengi wao wasio na fedha nyingi, kiliunda chama kiitwacho Vintage Sports-Car Club kwa imani kwamba magari mapya ya wakati wao yalikuwa hafifu, na kwamba mali ya kweli ilikoma mwishoni mwa 1930. Mstari huo wa 1930 bado ndio unaotumika. Walinunua Bentley kuukuu kwa bei ya kutupa, wakazikimbiza wikiendi, na kwa ubishi wao wakaziokoa.

Lakini waliokoa walichokitaka. Bentley nyingi zilizaliwa zikiwa saluni nzito za kifamilia, zenye paa, milango minne na mapazia ya madirishani. Hizo hawakuzitaka. Walizivua bodi, mara nyingine wakafupisha chesisi, na juu yake wakajenga bodi ya wazi mfano wa zile zilizoshinda Le Mans. Kwa hiyo leo ukienda kwenye mkutano wa Bentley za miaka ya ishirini utaona safu ya magari ya wazi ya kijani, ukadhani Waingereza wa enzi ile wote walikuwa madereva wa mashindano. Saluni, ambazo zilikuwa jambo la kawaida, ndizo adimu. Austin Seven, kigari cha watu wa kipato kidogo kilichotengenezwa kwa idadi inayokaribia 300,000 kati ya 1922 na 1939, nacho kilipitia hayohayo: maelfu vilivuliwa bodi za saluni na kuvishwa bodi nyembamba za spoti uani mwa watu. Colin Chapman, aliyekuja kuanzisha Lotus, alianza hivyo mwaka 1948. Wapo wanaotania kwamba kuna aina za magari ya spoti ambazo zilizosalia ni nyingi kuliko zilizotengenezwa. Utani huo una ukweli mwingi kuliko wenye magari wanavyopenda kukiri.

Turudi kwa magari ya watu wa kawaida, na tulitazame moja kwa karibu. MGB lilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1980, zaidi ya nusu milioni, ukihesabu na yale yenye paa. Halina chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Gari la wazi halina paa la kushika mbele na nyuma, kwa hiyo uzito wote hubebwa na boriti mbili zinazopita chini ya milango. Kila boriti ni mabati kadhaa yaliyochomelewa pamoja, ndani kukiwa na uwazi. Tope hurushwa na gurudumu la mbele, hupanda nyuma ya madigadi, hukaa pale likiwa na unyevu, kisha hushuka taratibu ndani ya boriti. Kwa nje unaona rangi inang'aa. Kwa ndani bati limekuwa kama biskuti.

Mnunuzi mzoefu hapotezi muda na injini. Anachuchumaa kando ya mlango na kutazama ule mwanya kati ya mlango na madigadi ya nyuma. Ukiwa sawa juu na chini, anaendelea. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, bodi imeshalegea katikati. Kisha huomba jeki. Anainua upande mmoja, anajaribu kufungua na kufunga mlango. Mlango ukikataa, anashukuru kwa adabu na kwenda zake.

Anayeamua kulitengeneza hawezi kukata boriti hivihivi, kwani atakapoikata gari litajikunja. Kwanza huchomelea vyuma kuvuka nafasi ya mlango, kutoka mbele hadi nyuma, ili mwili usicheze. Ndipo anapoondoa bati lililooza, tabaka baada ya tabaka, na kupachika jipya. Fundi asiyejua hilo atakurudishia gari linalong'aa lenye milango isiyofunga, na kuna magari mengi ya namna hiyo sokoni, yenye pati nene chini ya rangi nzuri.

Kilicholiokoa MGB ni umaskini wa asili yake. Injini yake ilikuwa ya ukoo uleule wa Austin Cambridge na Morris Oxford, saluni zilizojulikana hadi Nairobi na Dar es Salaam. Kaka yake mdogo, Austin-Healey Sprite la 1958, aliazima injini ya ukoo wa Austin A35 na Morris Minor. Mwenye gari la spoti lililoharibika hakuhitaji kuandika barua kiwandani. Alikwenda kwa muuza spea wa mtaani akanunua kifaa cha gari la mwalimu. Linganisha na MGA Twin Cam, lililotengenezwa 2,111 tu kwa injini ya pekee yake. Ilikuwa injini ya kasi na ya kisasa, na ilitoboa pistoni. Wenyewe walichoka, wengi wakaing'oa na kuweka ile ya kawaida ya MGA, ambayo ilikubali kila kitu. Mwili ukapona, moyo ukaenda kwenye chuma chakavu, na leo wanaotafuta injini za Twin Cam wanalipa kwa uchungu.

Kuna vioja pia. Injini ya TC ina bolti zenye meno ya milimita, lakini vichwa vya bolti hizo ni vya vipimo vya Kiingereza vya Whitworth. Sababu ni ya kihistoria: Morris ilinunua mwaka 1923 kiwanda cha injini cha Hotchkiss kilichokuwa Coventry, kampuni ya Kifaransa, na mashine zake zilikata meno kwa milimita. Zikaachwa ziendelee, ila vichwa vikatengenezwa vitoshe spana alizonazo Mwingereza. Leo bolti hiyo haipatikani dukani popote. Huchongwa maalumu, kwa ajili ya watu elfu kadhaa walioko duniani wanaoihitaji.

Uchongaji huo ulifika mbali zaidi mwaka 1988. British Motor Heritage, taasisi iliyoanzishwa kulinda urithi wa viwanda hivi, ilikusanya zile kalibu za awali za kukandamiza mabati ya MGB, zilizokuwa zimetawanyika, ikaanza kutengeneza bodi nzima, mpya kabisa. Unapeleka mkweche wako uliooza, unahamisha injini, giaboksi, ekseli, taa na siti kwenye bodi mpya, unaondoka na gari lisilo na hata chembe ya kutu. Miaka michache baadaye Rover ilitumia bodi hizohizo kutengeneza MG RV8, magari kama 2,000, mengi yakauzwa Japani.

Hapo hesabu ya yaliyonusurika inapoteza maana. Gari lilizaliwa 1967, mwili wake ni wa 1990, namba yake ni ya 1967. Lina umri gani?

Mahakama Kuu ya Uingereza iliulizwa swali la aina hiyo mwaka 1990, na si kwa ajili ya gari la karani. Lilikuwa Bentley Speed Six, maarufu kwa jina la Old Number One, lililoshinda Le Mans 1929 na 1930 likiendeshwa na Woolf Barnato na wenzake. (Barnato alikuwa mtoto wa Barney Barnato aliyetajirika kwa almasi za Kimberley, kwa hiyo fedha iliyoibeba kampuni ya Bentley miaka yake ya mwisho ilichimbwa Afrika Kusini.) Mwaka 1932 gari hilo, likiwa limewekewa injini kubwa zaidi, lilipaa juu ya ukuta wa mzunguko wa Brooklands na kumuua dereva wake, Clive Dunfee. Mabaki yalijengwa upya yakawa gari la paa la kutembelea. Baadaye likabadilishwa tena. Mwenye nalo, Hubbard, akakubaliana na kampuni ya Middlebridge kuliuza kwa bei iliyotajwa kuwa pauni milioni 10, wakati soko la magari ya kale lilikuwa limelewa. Mnunuzi akasita. Akadai kwamba gari aliloletewa si lile, maana vyuma vya 1929 vilivyobaki ndani yake ni vichache mno.

Jaji Otton alipitia ushahidi kifaa kwa kifaa. Alikubali kwamba hakuna awezaye kuliita gari lilelile lililotoka kiwandani 1929. Karibu kila kitu kilikuwa kimebadilishwa wakati fulani. Lakini aliona pia kwamba hakuna siku gari hilo lilipokoma kuwapo na jingine kuanza. Lilibadilishwa hatua kwa hatua, na wanaojulikana, kwa sababu zinazojulikana, na hakukuwa na gari lingine popote lililodai jina hilo. Akaamua kwamba ndilo Old Number One, na mnunuzi anapaswa kulipa. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa umewapa moyo pia matapeli, ambao kwa kipande cha chesisi na kibati chenye namba huweza kukuoteshea gari zima pamoja na historia yake.

Serikali ya Uingereza, ambayo haina muda wa falsafa, ililimaliza suala hilo kwa pointi. Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili, DVLA, ililihesabia gari lililojengwa upya hivi: chesisi au bodi ya asili, au mpya ya muundo uleule, pointi 5, springi na shoki, 2, ekseli, 2, giaboksi, 2, usukani, 2, injini, 1. Gari lilihitaji pointi nane, zile tano za chesisi zikiwamo, ili libaki na namba yake ya zamani. Likipungukiwa, lilipewa namba inayoanza na herufi Q, na kila mnunuzi aliyeiona alijua kuna kitu.

Tazama injini ilivyothaminiwa. Mwaka 2017 Jaguar ilionyesha E-Type iliyoondolewa injini yake ya silinda sita na kuwekewa mota ya umeme, na Mei 2018 Mwana wa Mfalme Harry na mkewe waliitumia siku ya harusi yao. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, likasema wazi kwamba gari lililobadilishwa namna hiyo si la kihistoria tena, na wenye kufanya hivyo wakihimizwa kutunza vile vilivyotolewa ili gari liweze kurudishwa lilivyokuwa. Jaguar ilikuwa imejihami mapema: mota na betri vilikaa palepale palipokuwa injini na giaboksi, bila kukata chuma. Ukilipigia hesabu ya DVLA, gari hilo linapoteza moja ya injini na mbili za giaboksi. Linabaki na pointi 11, tatu zaidi ya zilizohitajika.